Shaba ya Binti Yetu

Nyumbani kwa dada yangu, Bwera, mji wa mpakani, tulizungumza Kiswahili kwa sababu ya shemeji. Yeye ni askari wa jeshi, mtu wa kaskazini, na alipohamishiwa kambi ya huku hakujua neno hata moja la Lhukonzo, lugha yetu. Dada yangu naye hakujua neno la kwao. Kiswahili cha kambini kikawakutanisha, kikawaoza, na binti zao wawili wakakua nacho. Kwa hiyo mimi nilipotaka kueleza kazi niliyoiendea ng'ambo, ilinibidi niieleze kwa Kiswahili, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

"Unasoma hamira?" dada aliuliza. "Hii ya mandazi?"

"Hiyo hiyo."

Alicheka mpaka akaweka chini mwiko aliokuwa akisongea bundu, ugali wetu wa muhogo. Shemeji hakucheka. Alikaa wima kwenye kiti chake kama yuko mbele ya mkubwa wake wa kazi.

"Shemeji, wewe sema vizuri. Wamekutoa hapa mpaka huko, sababu ya hamira?"

Nikawaambia kwamba hamira ni kiumbe hai, chembe moja moja, na kila chembe imezungukwa na utando mwembamba kama ngozi. Katika utando huo vimekaa vimeng'enya, na vingi kati yake kazi yao ni kuvusha: hiki kinavusha chumvi, hiki sukari, hiki mafuta, kila kimoja na mzigo wake, kama wachukuzi wa pale mpakani Mpondwe. Vingi vya namna hiyo na sisi watu tunavyo, maana uhai wetu na wa hamira umetoka mahali pamoja, zamani mno. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta ndugu wa kila kimeng'enya ndani ya mwili wa binadamu. Tunaiondolea hamira kimeng'enya chake mpaka ishindwe kukua. Kisha tunaipa jeni ya mtu, tunaiweka sahanini, tunangoja. Ikikua, ndugu amepatikana.

"Mkimpata mnamfanya nini?" shemeji akauliza.

"Tunajua kazi yake kwa mtu. Na tukijua kazi yake, tunajua akiharibika mtu ataumwa nini."

"Hiyo iko sawa," akasema, na akageukia chakula chake.

Sikuwaambia yote, kwa kuwa mengine hata mimi yalinichosha. Vimeng'enya nilivyopewa kuvitafutia ndugu vilikuwa vigumu, na miezi ilipita sahani zikiwa tupu. Lakini kila mwanafunzi aliyeingia katika maabara ile alianza na zoezi moja ambalo jibu lake lilijulikana kabla yeye hajaanza shule: pampu ya shaba. Hamira ina kimeng'enya kwenye utando kinachosukuma shaba, na mtu ana ndugu yake, hasa kwenye ini. Ukiiondolea hamira pampu yake, haikui mahali penye upungufu wa madini ya chuma, kwa sababu bila shaba haiwezi kuingiza chuma ndani. Ukiipa pampu ya binadamu, inakua. Nilipoambiwa kwamba zoezi langu la kwanza ni shaba, nilimweleza profesa wangu, mama mfupi asiyependa maneno mengi, kwamba nimetoka wilaya ambayo mji wake mkuu, Kasese, ulikua kwa sababu ya machimbo ya shaba. Akasema, "Basi hutasahau," akaniachia chupa na sahani.

Zoezi hilo lilikuja na kurasa za kusoma. Zilieleza kinachompata mtu ambaye pampu yake imeharibika tangu kuzaliwa. Shaba ya chakula, ambayo sisi sote tunaila kidogo kidogo, haipati njia ya kutoka. Inalijaa ini, na ini likishindwa kuizuia inakwenda kwenye ubongo. Nilizisoma kama mtu anavyosoma habari za nchi ambayo hatafika. Nikafaulu zoezi, nikaendelea.

Desemba moja nilirudi nyumbani. Dada alinipokea Kasese kwenye kituo cha basi, na njia nzima ya kwenda Bwera alikuwa akizungumza habari za bei za sokoni na mvua za mlimani. Nilipomwuliza habari za binti mkubwa, aliyekuwa anasoma shule ya bweni, akatazama nje.

"Yuko nyumbani. Utamwona."

Nilimwona wakati wa chakula. Alikuja na jagi na beseni kutunawisha, kama alivyofanya tangu akiwa mdogo, na maji yakamwagika mapajani mwangu. Mkono ulikuwa unapiga juu chini kama bawa la kuku aliyeshikwa. Alikuwa ametabasamu, na tabasamu lile likakaa usoni hata baada ya macho yake kujaa machozi.

"Ma-ma m-dogo," akasema, kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. "Sa-mahani."

Shemeji aliinuka. Akachukua jagi mikononi mwa binti, akatunawisha mimi na dada, kisha akamnawisha binti yake, kidole kimoja kimoja. Sijawahi kuona mwanamume wa Bwera akifanya hivyo, sembuse mwanajeshi. Kisha tukala.

Baadaye dada alinisimulia. Ilianza na mwandiko. Walimu walilalamika kwamba hausomeki, wakadhani ni uvivu. Kisha akaanza kujikwaa, kudondosha sahani, kukasirika bila sababu na kulia bila sababu. Shuleni wakaamini amejifunza kunywa waragi, pombe kali ya huku, wakamrudisha nyumbani. Zahanati moja ikampa dawa za kifafa. Dada akampeleka kwenye maombi, na mganga wa mitishamba kule Mahango akampa majani ya kuoga. Mama mkwe wake akapiga simu kutoka kaskazini na kusema laana imetoka upande wa mwanamke, kwa watu wa milimani.

"Na mumeo anasemaje?"

"Hasemi kitu. Hicho ndicho kinachoniua."

Jirani yao alikuwa mama wa Kikongo aliyekimbia vita upande wa Butembo, muuza vitenge, Mkatoliki wa kila misa. Ndiye pekee aliyekuja kukaa na binti bila kunong'ona. Siku hiyo aliingia na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamlisha kijiko kwa kijiko, kisha akatugeukia.

"Huyu mutoto hana mashetani," akasema. "Mimi nimeona watu ya mashetani. Huyu iko mugonjwa. Mumupeleke kwa munganga mukubwa."

"Tumempeleka, mama," dada akajibu.

"Mumupeleke tena."

Kesho yake asubuhi nilikuwa nachambua maharage na dada uani. Tulikuwa tunakumbuka mambo ya watoto, na dada akasema kwamba huyu mkubwa kwa kweli hakuwahi kuwa na afya kamili. Akiwa shule ya msingi macho yalimgeuka manjano, tumbo likavimba, akalazwa. Waliambiwa ni ini. Likapona lenyewe, wakamshukuru Mungu.

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Ini kwanza, halafu mikono, halafu ulimi. Zilikuwa zile kurasa za zoezi, neno kwa neno, zimekaa kwenye mkeka wa dada yangu.

Sikumwambia lolote. Mimi si daktari wa watu. Ninachokijua mimi ni sahani na chupa. Nikatembea mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikampigia simu mwenzangu tuliyesoma pamoja ambaye sasa alikuwa daktari katika hospitali kubwa ya Mbarara. Nilimweleza harakaharaka, nikamwomba anicheke.

Hakunicheka. "Usimwambie mtu yeyote jina la ugonjwa," alisema. "Unaweza ukawa umekosea. Mlete tu."

Niliporudi uani nilimwita binti aje tukae juani, nikajifanya namsuka ili nimwangalie macho. Nilikuwa nimesoma kwamba shaba hujichora kama pete pembeni mwa jicho. Sikuona kitu. Macho yake yalikuwa meusi, mazuri, kama ya bibi yetu. Nikafurahi, na furaha hiyo ikanitia woga, maana nilijua macho meusi huificha pete.

Tulikwenda Mbarara wote: binti, dada, shemeji aliyeomba ruhusa kambini, na mimi. Binti mdogo tulimwacha kwa mama wa vitenge. Daktari wa macho alimkalisha mpwa wangu mbele ya mashine yenye taa nyembamba, akamwambia aweke kidevu mahali pake. Kichwa kilikuwa kinatikisika, kwa hiyo shemeji akamshika kwa nyuma, viganja viwili kwenye mashavu, taratibu. Daktari akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Umesema unasoma mambo haya. Njoo uone."

Ilikuwepo. Ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, pembezoni mwa weusi, jicho la kulia na la kushoto. Ilikuwa nzuri, na sipendi kukumbuka kwamba ndicho kitu cha kwanza nilichokifikiri.

Vipimo vya damu na mkojo vikathibitisha. Mwenzangu yule daktari akatukalisha watatu katika chumba chake, binti akiwa wodini, akatueleza kwa Kiswahili kilekile cha nyumbani kwetu. Akasema mtoto amezaliwa na pampu mbovu ya shaba. Akasema si pombe, si pepo, si kifafa.

Dada aliruka kwenye jambo la kwanza alilolijua. "Ni yale machimbo, daktari? Alisoma Kasese. Ni maji?"

"Hapana, mama. Shaba hii inatoka kwenye chakula ambacho sisi sote tunakula. Sisi inatutoka. Yeye haimtoki. Amezaliwa hivyo."

"Amezaliwa hivyo kwa nani?" shemeji akauliza.

"Kwenu wote wawili, afande. Mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apokee jeni iliyoharibika kwa baba na nyingine kwa mama. Ninyi wenyewe hamuugui kwa sababu kila mmoja ana nyingine nzima."

"Kwetu hakuna hii ugonjwa."

"Afande..."

"Nimesema kwetu hakuna."

Akainuka, akatoka. Dada akabaki ameinamisha uso, na nilijua anachofikiri: sasa ataambiwa na daktari pia kwamba ni upande wake. Nikamfuata shemeji. Nilimkuta nje, kwenye maegesho, amesimama katikati ya magari mawili na kofia mkononi. Nilikaa mbali kidogo. Nilitegemea anifokee.

"Shemeji," akasema bila kunitazama. "Hiyo tabasamu. Hiyo ya mtoto, inayokataa kutoka usoni."

"Ndiyo."

"Mimi nilishaiona."

Akaniambia habari ambayo mke wake hakuwahi kuisikia. Alikuwa na dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa. Naye alianza kutetemeka akiwa msichana mkubwa, akapoteza maneno, akawa anatabasamu mchana kutwa. Watu wa kijiji wakasema amerogwa. Wakamtaja bibi mmoja mjane aliyekuwa akiishi jirani, kwa sababu aliwahi kumpa msichana maziwa. Vijana wakaenda, wakachoma nyumba ya yule bibi, wakamfukuza na watoto wake. Shemeji alikuwa mdogo, alisimama akaangalia moto. Dada yake alikufa mwaka uliofuata.

"Kwa hiyo haikuwa yule bibi," akasema.

"Haikuwa yeye."

"Ilikuwa hii shaba."

"Sijui kwa hakika, shemeji. Lakini inafanana."

Akavaa kofia, akaivua tena. Nikamshika mkono, jambo ambalo kwetu shemeji na shemeji hawafanyi mbele za watu, na hakuuondoa. Kisha akarudi ndani, akasimama nyuma ya kiti cha mke wake, akamwambia daktari, "Andika hivi: na upande wangu iko." Dada aligeuka akamtazama. Mimi nikatoka kwenda wodini.

Dawa ilianza. Kulikuwa na ya kuivuta shaba itoke mwilini, na baadaye ingefuata madini ya zinki ya kuizuia isiingie. Daktari alituonya kwamba mwanzoni hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu shaba inayochokozwa huzunguka kwanza kabla ya kutoka. Akapiga marufuku maini na akapunguza karanga, na hilo lilikuwa pigo kwa nyumba ambayo mchuzi wa karanga ndio mboga ya siku nyingi.

Likizo yangu ikaisha. Nilikuwa nimesharudi maabara dada aliponipigia simu ya video akilia. Binti alikuwa hawezi tena kujilisha wala kusimama, na mate yalikuwa yanamtoka.

"Mdogo wangu, mmemwua. Alikuwa anatembea. Sasa hatembei. Naacha hizi dawa leo."

Nilijua kwamba kwa wagonjwa wengine hali hiyo haigeuki. Nilisikia mlango, kisha sauti ya shemeji, ile ya gwaride, ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia nyumbani.

"Leta hiyo dawa."

"Unamwona mtoto alivyo?"

"Namwona. Daktari alisema itakuwa mbaya kwanza. Hii ndiyo hiyo mbaya. Leta."

Simu ilikuwa imewekwa juu ya kabati, na mimi nikabaki naangalia dari ya nyumba ya dada yangu. Nikasikia maji yakimiminwa, kikombe, shemeji akimwambia binti polepole, "Meza, mama. Meza tena. Vizuri." Kisha nikamsikia dada akisogea, na sauti yake ikasema, imechoka, "Mshike kichwa, mimi nitamshikia kikombe."

Nilimwarifu daktari, naye akapunguza kipimo cha dawa, akaanza kukipandisha polepole. Wiki hizo sikuwa mtu wa kufaa kitu. Ilipofika siku ambayo dada alituma video ya binti akishika kijiko, kijiko kikitetemeka lakini kikifika mdomoni, niliitazama kwenye ngazi za chuo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Lakini lilibaki swali la binti mdogo. Yeye alikuwa na afya tele, anaruka kamba, anapigana na watoto wa jirani. Vipimo vyake vya damu havikusema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo jeni zao zikasomwa, wote wanne. Ikaonekana kwamba kasoro iliyotoka kwa dada yangu ilikuwa inajulikana kwa madaktari, na ni mbaya. Ile iliyotoka kwa shemeji haikuwa imeandikwa mahali popote. Herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika. Binti mkubwa alikuwa nazo zote mbili, na mdogo pia alikuwa nazo zote mbili.

Daktari hakutaka kumwekea mtoto mzima dawa ya maisha yake yote kwa kubahatisha. Herufi moja inaweza kubadilika pasitokee kitu, na huenda mkubwa aliugua kwa kasoro nyingine isiyoonekana, ambayo mdogo hana. Ilibidi kujua kama pampu yenye badiliko la shemeji bado inafanya kazi. Nami nilikuwa nimekaa katika maabara yenye hamira isiyokuwa na pampu.

Baada ya ruhusa zote kupatikana nilimwomba profesa wangu. Akanitazama. "Ni damu yako. Mkono wako utatulia?"

"Utatulia."

"Basi sahani utaotesha wewe. Kusoma majibu atasoma mwingine, bila kujua ipi ni ipi."

Nikaitengeneza jeni ya binadamu yenye badiliko lile, nikaiingiza kwenye hamira, nikaipanda kwenye sahani yenye chuma kidogo. Kando yake nikapanda hamira yenye pampu nzima ya mtu, na nyingine isiyokuwa na pampu kabisa. Miaka ile yote kazi yangu ilikuwa kutamani hamira ikue, kwa ajili ya shahada na kwa ajili ya kujua. Mara hii nilitamani ikue kwa ajili ya mtoto anayeruka kamba Bwera. Niliipitia kila asubuhi kabla ya kuvua koti. Ile yenye pampu nzima ilipanda, nyeupe, nene kama uji uliomwagika. Ile ya shemeji ilibaki utando mwembamba unaoonekana kwa shida, karibu sawa na ile isiyokuwa na kitu.

Mwenzangu aliyesoma majibu hakujua kwa nini niliondoka chumbani. Profesa alinikuta kwenye korido. Alisema neno moja, "Rudia," na nilirudia, na ikatoka vilevile. Siku hiyo alininunulia chai na kukaa nami mpaka ikapoa.

Nilimpigia shemeji simu kabla ya kuandika chochote.

"Ile yangu," akasema. "Ile ambayo haijulikani."

"Haifanyi kazi, shemeji."

"Kwa hiyo huyu mdogo pia."

"Huyu mdogo pia. Lakini yeye bado hajaumwa. Akianza zinki sasa na asiache, huenda asiumwe kabisa. Daktari ana matumaini makubwa."

Nilisikia bodaboda zikipita upande wake, na mtu akimsalimu, "Afande!" na yeye akiitikia kama kawaida.

"Basi sasa inajulikana," akasema. "Asante, shemeji."

Alipopata likizo alisafiri kwenda kwao. Alivaa nguo za kiraia. Mama yake alimkataza asifukue mambo ya zamani, lakini alikwenda kumtafuta yule bibi aliyechomewa nyumba. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Akampata binti wa yule bibi, mama mzima, ameolewa mbali, analima. Alimkuta shambani, akajitaja ni mtoto wa nani, na yule mama akashika jembe vizuri. Shemeji akamwambia kwamba yule bibi hakumroga yule msichana, kwamba ulikuwa ugonjwa wa damu yao wenyewe, na kwamba umepimwa na kuonekana.

"Akasema nini?" dada yangu alimwuliza aliporudi. Sisi sote tulikuwa tumekaa tukimsikiliza. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo na kurudi nchini.

"Alisema, 'Sisi siku zote tulijua mama hakumroga mtu. Ninyi ndio mlikuwa hamjui.'"

"Halafu?"

"Halafu akaendelea kulima. Nikachukua jembe lingine, nikalima na yeye mpaka jua likawa kali. Hakunifukuza."

Mama mkwe wa dada hakupiga tena simu ya laana. Siku hizi huwauliza wajukuu kama wamemeza dawa, na dada yangu humjibu kwa heshima, ingawa kwa ufupi.

Sasa ninafundisha chuo Kampala, na nikipata nafasi nakwenda Bwera. Mpwa wangu mkubwa hakupona kila kitu. Hakurudi shule ya bweni. Maneno yake hutoka polepole, na akichoka mkono wa kushoto huanza kucheza. Lakini anatembea bila kushikwa, na mwandiko wake unasomeka kama si mrefu. Siku za soko huenda Mpondwe na mama wa vitenge, ambaye alimchukua kazini bila kumwomba mtu ushauri. Nilikwenda kuwaona huko mwezi uliopita. Malori yalikuwa yamepanga mstari kungoja forodha, na wanawake wa upande wa pili walikuwa wanavuka na mizigo vichwani. Mteja mmoja alianza kukosa subira mpwa wangu alipokuwa anatafuta neno. Mama wa vitenge akasema bila kuinua kichwa, "Ngoja. Iko nakuja," na mteja akangoja, na neno likaja. Akauziwa kitenge cha rangi ya machungwa, na nadhani alichukua kipande kirefu kuliko alichokusudia.

Binti mdogo amekuwa mrefu na mbishi. Zinki lazima imezwe tumbo likiwa tupu, na yeye huamka na njaa. Asubuhi moja nilipoamkia kwao, alikuwa amesimama jikoni na kidonge kwenye kiganja, ananung'unika.

"Mimi siumwi. Kila siku dawa, kila siku dawa, na siumwi."

Dada yangu alifungua mdomo amkemee. Mkubwa akamzuia kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga kamba za viatu, kazi inayomchukua muda, na hakupenda asaidiwe.

"Hu-umwi," akamwambia mdogo wake. "Ndi-yo. Endelea ku-toumwa."

Mdogo akamtazama. Akakitupa kidonge mdomoni, akanywa maji, akakunja uso kwa makusudi ili sote tuone. Kisha akainama akaanza kumfunga dada yake kiatu cha pili, na mkubwa akampiga kibao kidogo kwenye mkono, akamwambia aende zake shule, amechelewa.